Rancher Desktop ikigoma: anzia kwenye Preferences, Factory Reset iwe ya mwisho kabisa

Naandika hii kwa wote mnaojifunzia Kubernetes (mfumo wa kuendesha programu zilizofungwa kwenye kontena) kwenye mashine zenu wenyewe. Hapa Tanga siku hizi mko wengi, Makorora, Chumbageni, mpaka kule Sahare, na karibu kila ninayeongea naye anatumia Rancher Desktop kwa sababu ni ya bure, kodi yake (source code) iko wazi, na ukiisakinisha mara moja unapata K3s (Kubernetes ndogo), docker au nerdctl za kujenga imeji (vifurushi vya programu), kubectl ya kuiamuru Kubernetes na helm ya kusakinisha programu ndani yake, bila kuhangaika na kimoja kimoja. Tatizo linaanza pale inapogoma. Ushauri unaopeanwa haraka haraka ni "piga Factory Reset", na ushauri huo unaniuma kweli, maana Factory Reset inafuta klasta (hiyo Kubernetes yako na kila kilichomo), inafuta imeji ulizodanlodi, inafuta na setingi zako zote, alafu mara nyingi shida inarudi vilevile kwa sababu chanzo chake hakijaguswa. Na sisi tunanunua bando. Imeji ya Node.js ile kamili ikishafunguka inapita gigabaiti moja, weka na postgres, weka na redis, ukianza upya maana yake unatoa hela upya.

Sehemu kubwa ya matatizo niliyoyaona yanatibika ndani ya Preferences, ile alama ya gia juu kulia, bila kufuta kitu. Kazi ni kujua dalili gani inaenda na setingi ipi.

Kabla hujagusa chochote

Fungua terminali uandike hivi:

`rdctl list-settings > kabla.json`

Hiyo inaweka setingi zako zote kama zilivyo sasa hivi kwenye faili moja. Ukishabadilisha vitu, andika tena kwenye `baada.json` ulinganishe, utaona ulichogusa hata kama umesahau. Wengi wanabofya vitu vitano kwa mpigo, mambo yanazidi kuharibika, na hawajui warudi wapi. Badilisha kimoja, bonyeza Apply, jaribu, ndo uende kwenye kingine.

Alafu soma ule ujumbe wa chini, karibu na kitufe cha Apply. Kuna mabadiliko yanataka kurestati Kubernetes na kuna mengine yanaireseti, na programu inakwambia kabla. Restati haina neno, unasubiri kidogo vitu vinarudi. Reseti inafuta kila ulichoweka kwenye klasta. Ukiona neno reset na una database humo ndani, simama kwanza utoe bakapu.

kubectl inasema "connection was refused"

Angalia namba ya poti kwenye hiyo erori, hapo ndo jibu lilipo, na ndo kitu cha kwanza ninachouliza mtu akinitumia skrinshoti.

Kama imeandika `localhost:8080`, kubectl haijaiona kubeconfig (faili lenye anuani ya klasta) kabisa, kwaiyo inabahatisha anuani ya zamani. Klasta yako inaweza kuwa nzima haina shida yoyote. Kwenye Windows hii inawapata sana wanaofanya kazi ndani ya Ubuntu ya WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows): Rancher Desktop inajua kubeconfig ya upande wa Windows, ila Ubuntu yako haijaunganishwa. Nenda Preferences, kisha WSL, kisha Integrations, weka tiki kwenye Ubuntu, Apply, funga terminali ufungue mpya. Kwenye Mac na Linux angalia Application, kisha Environment, kama PATH (orodha ya folda ambamo terminali inatafuta amri) imewekwa Automatic. Ikiwa Manual basi ni wewe mwenyewe unatakiwa kuongeza `~/.rd/bin` kwenye PATH, usipofanya hivyo unaweza kuwa unaita kubectl nyingine ya zamani iliyokuwepo kwenye mashine. Na usisahau kuandika `echo $KUBECONFIG`, maana kuna mtu alifuata mafunzo fulani mwaka jana akaiacha hiyo inaelekea kwenye faili ambalo halipo tena.

Kama imeandika `127.0.0.1:6443`, hapo kubeconfig imeonekana, ila hakuna anayeitika upande wa pili. Sababu ni chache. Enable Kubernetes haina tiki. Au klasta bado inawaka, na kwenye mashine nzito inachukua muda, subiri. Au kuna programu nyingine imekalia poti hiyo, na Kubernetes ya Docker Desktop nayo inatumia 6443 hiyohiyo, kwaiyo ukiziwasha zote mbili lazima moja ikose. Zima moja, au kwenye Preferences nenda Kubernetes ubadilishe Kubernetes Port.

Kuna ya tatu, na hii haitoi erori, ndo maana ni ya hatari kuliko zote. kubectl inajibu vizuri tu ila podi (programu zinazoendeshwa kwenye klasta) unazoziona sio zako. Andika `kubectl config current-context`. Jibu linatakiwa liwe `rancher-desktop`. Kama una klasta ya kazini au ya mteja kwenye kubeconfig hiyohiyo, unaweza kufuta kitu cha watu huku ukiamini unachezea mashine yako. Rudisha kwa `kubectl config use-context rancher-desktop`, na jizoeze kuangalia kabla ya kila `delete`. Hapa silegezi kamba, tafadhali angalieni.

Imeji nimeijenga mwenyewe, ipo, lakini podi inasema ImagePullBackOff

Hii, yani Kubernetes kushindwa kuvuta imeji, ndo inayoumiza vichwa zaidi, nitakaa nayo kidogo.

Swali la kwanza: injini yako (inayojenga na kuendesha kontena) ni ipi? Preferences, Container Engine, kuna mbili tu, containerd na dockerd ambayo imeandikwa pia moby. Ukichagua containerd unatumia amri ya `nerdctl`, ukichagua dockerd unatumia `docker`.

Kuna dada mmoja hapa anatengeneza mfumo wa kuandika mnada wa samaki pale Deep Sea, nani kanunua ndoo ngapi na kwa bei gani. Yuko kwenye containerd. Alijenga imeji na `nerdctl build -t samaki:v1 .`, ikakubali, akiandika `nerdctl images` anaiona, ila podi inakataa katakata. Imeji ilikuwepo kweli, ila containerd inagawa vitu kwa neimspesi (makundi yenye majina) zake, ambazo hazihusiani na zile za Kubernetes. Usipotaja, nerdctl inaweka imeji kwenye neimspesi inayoitwa `default`, wakati Kubernetes inatafuta kwenye `k8s.io` peke yake. Ikikosa hapo inakimbilia Docker Hub (rejista, yani stoo ya imeji ya mtandaoni), na huko samaki:v1 haipo. Dawa ni kujenga hivi:

`nerdctl --namespace k8s.io build -t samaki:v1 .`

Na kama ulishaijenga na hutaki kujenga upya, ihamishe:

`nerdctl save -o samaki.tar samaki:v1`
`nerdctl --namespace k8s.io load -i samaki.tar`

Hapo hutumii hata kilobaiti moja ya bando. Hakikisha kwa `nerdctl --namespace k8s.io images`, alafu ifute podi ijizalishe upya.

Kama uko kwenye dockerd, hilo la neimspesi halikuhusu, imeji ya `docker build` Kubernetes inaiona moja kwa moja. Wewe shida yako itakuwa tagi, yani ile alama ya toleo baada ya nukta mbili. Ukiandika `samaki` bila tagi, au `samaki:latest`, Kubernetes inajiwekea yenyewe `imagePullPolicy: Always`, yani kila podi ikianza lazima iende kuuliza kwenye rejista ya mtandaoni hata kama imeji iko hapohapo kwenye mashine. Weka tagi yenye namba kama v1, au andika `imagePullPolicy: IfNotPresent` kwenye yaml (faili la maelezo ya podi). Na hapa kuna kitu kinawapita wengi: hiyo sera inawekwa siku Deployment (agizo la kuendesha podi) inaumbwa, ukija baadaye kubadilisha tagi tu kutoka latest kwenda v1, Always inabaki palepale. Mtu anabadilisha tagi, bado inagoma, anaanza kuilaumu programu. Iandike wazi IfNotPresent kwenye faili yaishe.

Alafu kuna waliobadilisha injini katikati ya safari. Walikuwa dockerd, wakasikia containerd ni nyepesi, wakahamia, sasa imeji zote "zimepotea". Hazijapotea. Kila injini ina stoo yake na imeji hazihami zenyewe, rudisha injini ya mwanzo utazikuta. Kama kweli unataka kuhama, toa kwa `docker save` kabla hujabadilisha, uziingize kwa nerdctl ukishahama, na kumbuka hiyo `--namespace k8s.io`.

Mengine ya haraka kwenye dalili hii. Kama erori ina neno `toomanyrequests`, Docker Hub imekuwekea kikomo. Ukiwa kwenye hotspot ya simu hii inakuja hata kama wewe hujadanlodi kitu, maana kikomo cha asiyeingia na akaunti kinahesabiwa kwa anuani ya IP, na mitandao ya simu inawawekea watu wengi IP moja. Fungua akaunti ya bure, andika `docker login` au `nerdctl login`, ivute imeji mwenyewe kwa `docker pull` au `nerdctl --namespace k8s.io pull` maana podi haitumii login yako yenyewe, jaribu tena. Na kama kila imeji inakataliwa, hata alpine ambayo ni megabaiti chache, angalia Container Engine, Allowed Images, pengine kuna mtu aliweka tiki pale na orodha ya zinazoruhusiwa ni fupi.

Mashine inakuwa nzito, au podi zinakufa zenyewe

Waraka wa Rancher Desktop wanapendekeza RAM ya GB 8 na CPU 4. Mashine nyingi tunazotumia huku zina GB 8 jumla, na humo humo kuna Windows, Chrome ya tabu ishirini na VS Code. Kwaiyo lazima uwe na mpango.

Kwanza jua nani kafa na kwa nini. `kubectl describe pod` na jina la podi, tafuta Last State. Ukiona `OOMKilled` na namba 137, ni RAM haikutosha. Ila usikimbilie Preferences bado, angalia kama kwenye yaml yako uliweka `limits` (kikomo cha podi). Kama uliweka memory ya 128Mi na programu yako ni ya Java, itauawa hata ukiwa na mashine ya GB 64, ongeza limits. Kama hakuna limits na zinakufa podi tofauti tofauti ovyo, hapo ndo RAM ya mashine pepe imekwisha.

Kwenye Mac na Linux ni rahisi, Preferences, Virtual Machine, Hardware, unasogeza Memory na CPUs. Kwenye Windows utazitafuta hizo slaida mpaka uchoke, hazipo, kwa sababu RAM inagawiwa na WSL yenyewe kwa distro (Linux) zote kwa pamoja. Kwa kawaida WSL inaruhusiwa kuchukua hadi nusu ya RAM ya mashine. Ukitaka kubadilisha, tengeneza faili linaloitwa `.wslconfig` kwenye folda yako ya C:\Users, uandike:

```
[wsl2]
memory=10GB
processors=4
```

Hizo namba ni za mashine ya GB 16. Ukiwa na GB 8 nusu yake ni 4 tayari, kwaiyo kuandika memory=4GB hakubadilishi kitu, na ukipandisha hadi 6 Windows yenyewe itaanza kukwama. Ukisevu kwa Notepad chagua All Files, la sivyo itakuwa `.wslconfig.txt` na WSL haitaisoma wala haitakwambia chochote. Baada ya hapo zima Rancher Desktop, andika `wsl --shutdown`, washa tena. Kuthibitisha andika `rdctl shell free -m`, ile total ndo uliyopewa.

Kwa wenye GB 8 ushauri wangu ni huu: siku unajenga imeji tu na huhitaji klasta, ondoa tiki ya Enable Kubernetes. Docker inaendelea kufanya kazi kama kawaida na mashine inapumua. Na kwenye Application, Behavior, ondoa ile ya kuwaka yenyewe ukiwasha kompyuta.

Jana ilikuwa nzima, leo x509

Umeme umekatika, betri ikashuka, mashine ikalala, umeamka asubuhi kila amri inarudisha `x509: certificate has expired or is not yet valid`. Inasema cheti cha usalama kimeisha muda au muda wake haujaanza. Ukiisoma vizuri, mara nyingi erori yenyewe inataja saa inayodhani ni sasa hivi, na iko nyuma. Saa ya ndani ya WSL inaweza kubaki nyuma mashine ikilala muda mrefu. Zima Rancher Desktop, `wsl --shutdown`, washa. Kama saa ya Windows yenyewe ndo mbovu, labda betri ndogo ya ubao imekufa, rekebisha hiyo kwanza, vinginevyo itajirudia kila siku.

Na maadamu tuko kwenye saa: logi za podi kwa kawaida zinaandikwa kwa UTC (saa ya kimataifa), sisi tuko mbele kwa masaa 3. Mtu anakwambia mfumo uligoma saa 3 na robo asubuhi, unatafuta 09:15 huoni kitu, wakati iko 06:15. Njia ya mkato, chukua saa ya UTC utoe 3 unapata saa ya kwetu ya kawaida, 06:15 ni saa 3 na robo. Ikizidi 12 toa tena 12, yani 20:40 inakuwa 17:40, ambayo ni saa 5 na dakika 40 usiku.

Localhost inaonyesha ukurasa wa ajabu

Umefungua `http://localhost` unategemea XAMPP (seva ya tovuti ya kwenye mashine yako), unakuta "404 page not found" nyeupe tupu. Hiyo ni Traefik, mpokeaji wa maombi ya wavuti wa K3s, inashika poti 80 na 443. Kama hutumii Ingress (sheria za kuelekeza maombi hayo ndani ya klasta) ondoa tiki ya Enable Traefik kwenye Kubernetes, Apply. Kama unaitumia, hamishia Apache ya XAMPP kwenye 8080. Kwenye Linux inaweza kuwa kinyume, Traefik ndo inashindwa kushika 80 kwa sababu mtumiaji wa kawaida haruhusiwi poti za chini ya 1024, hapo kuna `sudo sysctl net.ipv4.ip_unprivileged_port_start=80`.

Nimebadilisha toleo la Kubernetes, kila kitu kimeondoka

Ukipanda toleo, kazi zako zinabaki. Ukishuka, zinafutwa. Programu inaonya, watu wanabonyeza. Kwa hili sina dawa ya kurudisha, ila kama yaml zako ziko kwenye git utazipandisha tena kwa `kubectl apply`, data ya ndani ya volyumu (stoo ya data ya podi) ndo imeenda. Na kubadilisha toleo kunadanlodi faili za toleo jipya, kwaiyo usifanye bando likiwa linaelekea ukingoni.

Kitu kina kufuli, hakibadiliki

Mashine ni ya ofisi. Msimamizi anaweza kufunga setingi kwa profaili, na wewe huwezi kuifungua kutoka kwenye Preferences hata ufanyeje. Mwone yeye, mweleze unahitaji nini na kwa kazi gani. Hukohuko ofisini, kama mtandao unapitia proksi (seva ya katikati), kwenye Windows iko chini ya WSL, Proxy. Ukiijaza hakikisha anuani za ndani zimo kwenye orodha ya zisizopitia proksi, la sivyo klasta inajitafuta yenyewe kupitia nje na haijipati.

Imefika mahali kweli inataka kufutwa

Ipo hiyo siku. Klasta haiwaki kabisa, umesoma `k3s.log` na `background.log` kupitia Show Logs pale Troubleshooting, umeshaangalia diski haijajaa, na setingi umelinganisha na kabla.json. Hata hapo kuna ngazi. Anza na Reset Kubernetes, ambayo iko kwenye ukurasa huohuo wa Troubleshooting, na usiweke tiki ya kufuta imeji, kwaiyo klasta inazaliwa upya ila imeji zako zinabaki. Wengi hawajui hata kama kuna hiyo, macho yanaenda kwenye Factory Reset moja kwa moja.

Ikishindikana ndo Factory Reset. Ila kabla ya kubonyeza toa imeji nzito kwa `docker save -o` au `nerdctl --namespace k8s.io save -o`, uzihifadhi nje kwenye flashi au diski nyingine, toa bakapu ya database kama podi yake bado inaitika, na kwenye dirisha la kuthibitisha weka tiki kwenye Keep cached Kubernetes images ili isidanlodi tena zile za K3s. Ikishawaka upya fungua kabla.json pembeni, rudisha injini uliyokuwa unatumia, toleo la Kubernetes, Integrations za WSL na Traefik, bonyeza Apply, kisha `docker load -i` au `nerdctl --namespace k8s.io load -i` faili zako moja moja.